Injini Iliyofufuliwa Haitaki Kubembelezwa

Royal Enfield Bullet ya sentimita za ujazo 346 ilibuniwa Redditch, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1955 ikaanza kuundwa Madras, India, na huko ikaendelea kutoka kiwandani kwa miongo kadhaa baada ya Redditch kufunga milango. Ndiyo maana hadi leo mwenye Bullet ya zamani anaweza kupata pistoni, ringi na gasketi zake bila kuuza shamba. Hukusanya vipuri kwa miezi, fundi huchonga silinda, krankishafti hunyooshwa, valvu husagwa zikae sawasawa kwenye viti vyake, hatimaye siku inafika injini inawaka. Kuanzia hapo mambo makubwa huamuliwa kwa muda mfupi sana, na ndipo watu wenye mapenzi ya kweli na mashine zao wanapoziharibu kwa huruma. Huziacha zikinguruma kwa sailensa, yaani bila kuvutwa resi, uani bila kusogea, huogopa kuvuta resi hata robo, na huendelea hivyo kwa kilomita 1,000 au zaidi wakiamini kwamba wanazilinda. Dai la makala haya ni kinyume chake: injini ya namna hii inahitaji kufanyishwa kazi mapema, kwa vipindi vifupi vyenye mzigo wa kweli na mapumziko katikati, na upole usio na mzigo huidhuru kuliko ukali wenye kipimo.

Tuanze na ringi, kwa sababu ndizo zenye kesi hii. Wengi hudhani ringi hubana ukuta wa silinda kwa nguvu yake yenyewe ya kutanuka. Nguvu hiyo ipo, lakini ni ndogo. Kinachoikandamiza ringi ya juu hasa ni gesi za mwako: mafuta yanapowaka, presha hupenya juu ya ringi, ikaingia hadi nyuma yake, ikaisukuma nje dhidi ya ukuta. Resi ikiwa chini, presha hiyo ni hafifu. Resi ikifunguliwa, hupanda mara kadhaa, na ringi hukandamizwa kwa kadiri hiyohiyo. Sasa tazama upande wa ukuta. Silinda iliyotoka kuchongwa si laini, hata kama kidole kinaona hivyo. Fundi anayejua kazi humalizia kwa mawe ya kunolea yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakiacha mikwaruzo myembamba inayokatana kimshazari. Mikwaruzo hiyo ina vilele na mabonde. Vilele vinatakiwa visagwe na ringi mpaka viwili hivyo, ringi na ukuta, vigusane sawasawa kila mahali. Mabonde yanatakiwa yabaki, maana humo ndimo oili hukaa. Kuzoesha injini ni kusagana huko, na hakuwezi kufanyika ringi isipokandamizwa. Ikiachwa bila presha huelea juu ya oili, gesi za moto hupita pembeni yake, oili iliyo ukutani huungua, na masalia yake hujaza mabonde na kuwa utando mgumu. Ukuta hung'aa kama kioo ilhali vilele havijasagwa. Tangu hapo injini itakula oili na kutoa moshi wa buluu, na mwenyewe atamlaumu fundi ambaye kazi yake ilikuwa safi.

Ushahidi wa jambo hili hautoki kwa wapenda pikipiki peke yao, na ulio mzito zaidi unatoka mahali ambapo kosa hugharimu maisha. Injini za ndege ndogo za Lycoming na Continental hupozwa kwa hewa kama Bullet, na hufanyiwa ovaholi mara kwa mara katika maisha yake. Maelekezo ya Lycoming kwa injini zake nyingi zisizo na tabo, zikishatoka ovaholi, hayana mafumbo: itumike oili ya kawaida ya madini, injini isingurume chini kwa muda mrefu, na ikishapaa irushwe kwa takriban asilimia 65 hadi 75 ya nguvu yake, mpaka matumizi ya oili yatulie au saa 50 zitimie. Rubani anayeipunguzia nguvu kwa nia ya kuihurumia huonywa kwamba ndivyo silinda zinavyopata utando. Na huyo ni rubani mwenye injini moja mbele yake na ardhi mbali chini yake; kama upole ungekuwa salama zaidi, watengenezaji wangekuwa wa kwanza kuuagiza. Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na msomaji. Hoteli na hospitali zinazotegemea jenereta za dizeli zinaijua hali ya jenereta kubwa inayowasha taa chache: ikienda hivyo kwa miezi, huanza kutema weusi wa mafuta na oili kwenye eksozi na kupoteza nguvu, na mafundi hushauri isifanyishwe kazi chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu. Dizeli na petroli zina tofauti nyingi, lakini ringi na ukuta wa silinda havijui tofauti hizo.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili hesabu. Watasema kwamba pistoni mpya kwenye silinda mpya hunata, na pistoni ikinata katika mwendo, gurudumu la nyuma hukwama na mwendeshaji huenda chini. Ni kweli. Pistoni ya Bullet ina kipenyo cha mm 70 na ni ya aloi ya aluminiamu, ilhali silinda ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma. Fundi huacha nafasi ya karibu mm 0.1 kati ya pistoni na ukuta. Joto la pistoni likipanda kwa nyuzi 100, pistoni hiyo hunenepa kwa takriban mm 0.15. Silinda nayo ikipanda kwa nyuzi 100, hutanuka kwa karibu mm 0.08, na hivyo nafasi hupungua tu, haiishi. Lakini mtu akiwasha injini ya baridi na kuvuta resi papo hapo, pistoni hupata moto kwa haraka huku silinda na mapezi yake ya kupozea bado ni baridi. Pistoni imenenepa kwa mm 0.15 ndani ya nafasi ya mm 0.1. Hapo lazima inate. Hesabu hiyohiyo inaonyesha hatari iko wapi: katika tofauti ya joto kati ya vyuma viwili, na katika joto linalorundikana bila kupewa nafasi ya kutoka. Kuvuta resi kwa sekunde chache, injini ikiwa imeshapata moto wake wote, hakuleti tofauti hiyo. Kuingurumisha kwa nusu saa bila kusogea, bila upepo wa kuipoza, ndiko kunakoichemsha.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa unatokana na fizikia yenyewe, na si mgumu. Injini iendeshwe taratibu kilomita kadhaa mpaka silinda yote, juu hadi chini, ipate joto sawa. Kisha, katika gia ya pili au ya tatu ya Bullet yenye gia nne, mwendeshaji afungue resi hadi nusu, apande kutoka karibu km 40 kwa saa hadi 60, halafu aiachie kabisa na kuacha pikipiki ipungue mwendo kwa injini. Sehemu hiyo ya kuachia ina thamani sawa na ile ya kuvuta. Resi ikifungwa wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, silinda hubaki na mvuto unaopandisha oili kidogo kupita ringi, na oili hiyo hupoza pistoni na kuosha vumbi la chuma lililosagwa. Arudie hivyo mara kadhaa, akipumzisha injini kwa mwendo mwepesi katikati, kisha aizime na kuiacha ipoe kabisa, mpaka mkono ukae kwenye mapezi bila kuungua. Mzunguko huu wa kupata moto na kupoa una kazi yake: gasketi hulala, na nati za kichwa cha silinda hulegea kidogo na kuhitaji kukazwa tena kwa kipimo, na nafasi za valvu hupimwa upya injini ikiwa baridi. Safari ya pili iwe ndefu kidogo na resi ifunguliwe zaidi, hadi robo tatu. Barabara yenye milima midogo ni bora kuliko tambarare, kwa kuwa mlima hutoa mzigo na mteremko hutoa pumziko bila mwendeshaji kujisumbua.

Pingamizi la pili linatoka vitabuni. Vitabu vya maelekezo vya pikipiki za Uingereza vya miaka ya 1950 vilitaka kwa kawaida maili 1,000 za kujizuia, yaani takriban km 1,600, na hata wenye magari nchini humo walibandika tangazo kwenye kioo cha nyuma kuwaomba wengine wawapite kwa kuwa gari lilikuwa bado linazoeshwa. Je, watengenezaji wenyewe hawakujua? Walijua sana, lakini waliandika kwa ajili ya injini zilizotoka kwenye mashine za wakati wao. Silinda hazikumaliziwa kwa usahihi wa leo, aloi za pistoni hazikuwa na uthabiti wa leo, na oili ilikuwa nyepesi ikipata moto na mara nyingi ilikuwa na viungo vichache vya kuzuia msuguano pale utando wa oili unapokatika. Sehemu ya kazi ya karakana ilimaliziwa barabarani na mnunuzi mwenyewe. Anayevinukuu vitabu hivyo asome pia yale mengine yaliyomo. Vingi vilizuia kiasi cha kufungua resi, si mwendo wa barabarani peke yake, na vilionya vikali dhidi ya kuilemea injini, yaani kukaa katika gia kubwa huku mwendo ni mdogo na injini inapiga kwa shida. Mtu anayetambaa kwa gia ya nne kwa km 30 kwa saa akijiona mpole anavunja kanuni ambayo kitabu chake chenyewe kilimpa.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka resi ivutwe mpaka mwisho tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wenye pikipiki za kisasa za mashindano. Hawa nao wanakosea, na kosa lao ni la kuhamisha kanuni kutoka chuma kimoja hadi kingine. Injini nyingi za kisasa zina silinda za aluminiamu zilizopakwa utando mgumu ndani na kupozwa kwa maji. Pistoni na silinda hutanuka karibu sawa, na joto hudhibitiwa. Silinda ya chuma ya Bullet, au ya Triumph Bonneville ya 650 iliyotoka mwaka 1959, haina msaada huo. Mzigo unatakiwa, lakini kwa sekunde, si kwa dakika.

Kuna pingamizi la tatu ambalo mafundi wazuri hulitoa, nami naliheshimu kuliko yote: injini si ringi tu. Kuna kamshafti na tapeti zake, kuna bushi ya ncha kubwa ya koni-rodi inayoshika krankishafti, kuna gia. Je, hivyo havihitaji upole? Bushi iliyowekwa vizuri haitakiwi kugusana na chuma kingine hata kidogo. Huelea juu ya utando wa oili unaojengwa na mzunguko wenyewe. Utando huo hukonda pale mzunguko ni mdogo na mzigo ni mkubwa, yaani katika hali ileile ya kuilemea injini. Mizunguko ya kati, pampu ikisukuma oili ya kutosha, ndiyo salama yake. Kwa kamshafti zenye tapeti bapa jambo ni la wazi zaidi: injini ikinguruma kwa sailensa, springi za valvu hukandamiza ncha ya kamu kwa nguvu zote huku oili inayorushwa ni kidogo. Dakika za kwanza za sailensa ndefu zimeua kamu nyingi. Fundi apake grisi maalumu ya kuungia kwenye kamu, ahakikishe oili inarudi kwenye tangi, kisha pikipiki ianze safari. Kila kiungo kati ya hivi, kikichunguzwa, kinaelekea upande uleule na ringi.

Yaliyo nje ya chuma pia huamua matokeo, na hapa wengi huteleza. Oili za sintetiki ghali, nzuri kwa injini iliyokwisha kuzoea, hupunguza msuguano ambao ringi mpya inauhitaji. Kwa kilomita mia chache za mwanzo oili ya madini ya unene unaotakiwa na kitabu ndiyo inayofaa. Kabureta isikonde mafuta. Mchanganyiko wenye hewa nyingi mno huwaka kwa joto kali, na mpasuko mdogo tu kwenye gasketi ya kabureta unatosha kuleta hali hiyo. Kwa wenye pikipiki za kale Uingereza, tatizo hili limezidi tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ilipoanza kuwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli hubeba oksijeni yake, hivyo kabureta iliyopimwa enzi za petroli tupu hujikuta inakondesha mafuta bila mtu kuigusa, na jeti kuu ya saizi moja zaidi huweza kuhitajika. Injini za viharusi viwili, kama BSA Bantam na Vespa, zina kesi yao. Humo oili huja ndani ya petroli, na anayeizidisha sana kwa nia njema hupunguza kiasi cha petroli kinachopita kwenye jeti, akakondesha mchanganyiko kwa mkono wake.

Hoja hii haihusu wenye pikipiki za maonyesho tu. Boxer na TVS zinazobeba abiria Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina asili ya India pia, hupozwa kwa hewa, na zikichoka huwekewa pistoni ya ovasaizi na ringi mpya kwenye karakana za mitaani. Dereva wa bodaboda huambiwa aende polepole kwa wiki nzima na asibebe mtu. Kwake, wiki bila abiria ni hesabu ya tajiri isiyofika na chakula kisichonunuliwa, kwa hiyo ama hulitii agizo kwa hasara, ama hulipuuza siku ileile na kubeba abiria wawili na gunia kupanda mlima kwa gia kubwa. Agizo lenye msingi lingemtaka atoe nusu siku kwa vipindi vya kuvuta na kuachia, amwage oili, akaze nati, kisha arudi kazini na abiria mmoja huku akiepuka mizigo mizito na safari ndefu za resi moja kwa siku chache. Hilo analiweza. Mafundi wetu wana mikono hodari. Kinachokosekana mara nyingi ni dakika tano za kumweleza mteja sababu, maana mtu aliyeelezwa sababu hulishika agizo hata fundi asipomwona.

Kumwaga oili mapema kusionekane ni ubadhirifu. Chuma kingi husagwa katika saa ya kwanza, na pikipiki nyingi za kale za Uingereza zilikuwa na kichujio cha waya tu, kisichoshika vumbi laini. Oili ya kwanza imwagwe baada ya safari hizo za mwanzo, ya pili baada ya kilomita mia chache, ikiwa bado na moto ili uchafu utoke nayo. Injini za Triumph zenye silinda mbili zina mrija ndani ya krankishafti unaokusanya uchafu kwa mzunguko. Anayezifanyia ovaholi bila kuufungua na kuusafisha huirudisha injini barabarani na tope la miaka 40, na tope hilo likiziba njia ya oili hakuna uzoeshaji utakaoiokoa.

Mwisho wa kazi hutambuliwa kwa vipimo, si kwa kusoma kilomita. Oili iwekwe hadi alama ileile, ipimwe kila baada ya umbali uleule na pikipiki ikiwa imesimama wima, na kiasi kinachopungua kiandikwe. Mwanzoni hupungua kwa kuonekana, kisha kiasi hicho hushuka na kutulia. Kikishatulia, ringi zimekaa. Bomba la kupumulia la krankikesi hupunguza moshi wake, na plagi ikitolewa huwa kavu. Kwa silinda ya chuma cha kusubu iliyokwaruzwa vizuri, sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha ndani ya kilomita 100 au 200 za kwanza. Kinachobaki hadi km 800 au 1,000 ni kulainika kwa viungo vingine, na katika muda huo mwendeshaji aongeze resi na muda wake kidogo kidogo.

Na kama ule utando mgumu umeshajengeka kwenye ukuta wa silinda? Hakuna chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi itakayouondoa, ingawa zinauzwa. Silinda ishushwe, mawe ya kunolea yapitishwe tena kwa dakika chache mpaka mikwaruzo ionekane, vumbi lake lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ukuta upakwe oili upesi kabla ya kutu. Ringi zibadilishwe, na ncha zake zipimwe ndani ya silinda: kwa kipenyo cha mm 70, mwanya wa karibu robo ya milimita au zaidi kidogo ndio wa kawaida. Pistoni yenyewe, kama haijakwaruzika, hurudishwa ileile. Ni kazi ya siku moja na gharama ya gasketi na seti ya ringi, na safari hii mwenye pikipiki atatoka uani moja kwa moja akatafute mlima.